Jiwe Tulilolificha Mimi na Kaka Seifu

Kwanza nawaomba radhi ninyi wasomaji wa gazeti mtakaosoma barua hii. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine huwa naziruka, maana niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika kwa nadra. Ukurasa wa kwanza peke yake umenichukua siku mbili. Mkikuta neno limekaa upande, linyosheni wenyewe muendelee.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo. Najua wengine mtacheka, kwa sababu bado sijatimiza miaka ishirini na mitano, na mtu wa umri wangu akisema "enzi zetu" watu humtazama kama kifaranga anayetaka kuwika. Lakini kijiji chetu kimo ndani ya delta, upande wa Maparoni, na huko mambo yamegeuka upesi kuliko umri wangu.

Enzi zetu hapakuwa na mtoto mwenye miguu mikavu. Maji yalikuwa mbele ya nyumba, tope nyuma, na mikoko pande zote. Tulicheza kombolela tukijificha kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, na rede kwa mpira wa soksi kuukuu iliyojazwa matambara. Shule ilikuwa ng'ambo ya kijito. Maji yakijaa asubuhi tulichelewa sote, na mwalimu hakutupiga kwa hilo, kwa kuwa naye alikuwa amesimama upande ule ule wetu, suruali imekunjwa, viatu mkononi, akisubiri yapwe.

Msimu wa mpunga mpya Mama alipika wali ulionukia mpaka kwa jirani, na juu yake samaki changu wa kupaka, tui likichuruzika kwenye sinia. Sasa naishi Kibiti mjini, wali nakula kila siku, na harufu ile sijakutana nayo tena. Changu wale hatukuwanunua. Aliwavua kaka yangu Seifu, na habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Baba yetu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliyetutazama ni kaka yake, Baba Mkubwa, mvuvi wa nyavu, mtu mrefu, mchache wa maneno. Seifu alinizidi miaka minne. Yeye alikuwa na maneno ya watu wawili, mimi sikuwa na hata ya mtu mmoja. Mgeni akifika nyumbani nilijificha nyuma ya mtungi. Mwalimu akiniuliza swali nilisimama tu nikatazama vidole vyangu vya miguu. Seifu aliniita Bubu, na kwa kinywa chake jina hilo halikuniuma.

Sasa niwaeleze jambo moja la kwetu, maana wasomaji wa bara huenda hamlijui. Mvuvi haulizwi aendako. Ukikutana naye njiani na mshipi wake wa kuvulia, unamsalimia, unapita. Ukimwuliza "Unakwenda wapi?" anaweza kugeuka papo hapo akarudi nyumbani, na njaa ya watoto wake siku hiyo iko juu yako. Na akirudi na samaki, ukamwuliza amewatoa wapi, atakujibu, "Huko huko." Baba Mkubwa alizoea kusema, "Ukimwuliza mvuvi aendako, umemwibia." Alisema pia kwamba mahali pa samaki pakishatajwa, samaki huhama. Tulimwamini. Nami mpaka leo siwezi kuapa kwamba ni uongo.

Seifu hakuwa na mtumbwi. Alivua kwa mshipi akiwa amesimama nchi kavu, au majini mpaka magotini, na kwa mvuvi wa namna hiyo kujua mahali ndiyo kazi yote. Delta ni tope tupu. Ukitupa ndoana ovyo utapata hongwe wawili na kaa mwenye hasira. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili tulikatiza mikoko mwendo wa nusu saa mpaka pwani ya nje, kule bahari inakovunjika, na tukatafuta.

Hakuanza kwa kuvua. Alianza kwa kutazama. "Pwani ikiwa uchi ndipo uichunguze," alisema, kwa hiyo tulikwenda maji yakiwa yamepwa kabisa, bila hata mshipi. Tulitafuta vishimo duara mchangani, vile ambavyo samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, huvichimba akitafuta chakula, maana anapokula taa na wengine hula. Tulitafuta makombe yaliyovunjwavunjwa. Kisha tuliketi kungoja maji yarudi, nami nikawa kama niko darasani, isipokuwa darasa hili nililipenda.

"We Bubu, usitafute samaki. Tazama maji. Unaona pale mawimbi yanapovunjika meupe?"

"Naona."

"Na pale katikati, yanapopita bila kuvunjika?"

"Naona."

"Pale pana kina. Samaki mkubwa anapita pale, kama sisi tunavyopita uchochoroni kwa Bi Tatu tukitoka madrasa."

"Na Bi Tatu anatumwagia maji."

"Ndiyo. Na mimi ndiye Bi Tatu wa samaki."

Tulicheka mpaka ndege membe wakaruka.

Jiwe lenyewe nililiona mimi kwanza. Ilikuwa siku za bamvua, maji yamekwenda mbali kuliko kawaida, nasi tumetembea mpaka mwisho wa mchanga ambako hatukuwahi kufika. Niliona kitu cheusi mbele ya mawimbi nikadhani ni kasa aliyekufa. Hakikuwa kasa. Lilikuwa jiwe pana kama ua wa nyumba, na mengine madogo yamelizunguka, yote yameota chaza, na kati yetu na hilo jiwe palikuwa na mkondo mwembamba wa maji yanayofika magotini. Seifu aliruka, akanibeba, akanizungusha. Kwetu jiwe ni kama kisima jangwani. Samaki wote wa pwani ile walikuwa wakija kula hapo.

Hatukulipa jina, kwa sababu kitu kisicho na jina hakitajiki. Akanishika masikio yote mawili, kwa upole.

"Husemi kwa mtu."

"Sisemi."

"Hata kwa Mama."

"Hata kwa Mama."

"Na mtu akikukaba sana, mwoneshe kule mlangoni mwa mto, unakoingia baharini. Unyooshe tu mkono. Wewe hata kusema huna haja ya kusema."

Baadaye ndipo nilipofahamu kwa nini, kati ya watoto wote wa kijiji, alipenda kufuatana na mimi. Wavulana wenzake wangetangaza kabla jua halijatua. Mimi siri ilikaa ndani yangu bila kufungwa kamba.

Miezi mingapi tulivua pale sikumbuki, lakini nakumbuka kila kitu kingine. Nakumbuka kamba wabichi tuliowatumia kwa chambo, wakinata vidoleni. Nakumbuka mshipi ukikata kiganja changu mara ya kwanza samaki mkubwa aliponivuta, na Seifu akipiga kelele, "Mpe! Mpe mshipi! Usimnyime, atakukatia!" Kulikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, maji yakigusa chaza wa chini, kunja mshipi uondoke, hata kama samaki wanapanda mmoja juu ya mwingine, maana mkondo ule hujaa kabla ya jiwe kuzama, na siku za bamvua jiwe lote huzama. Ya pili, ukivuka mkondo buruta miguu. "Usikanyage kama unakwenda dukani," alisema. Taa hulala chini ya mchanga. Ukimburutia mguu anaondoka zake. Ukimkanyaga anakupiga mwiba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mpunga umeanza kuiva. Ndege walikuwa wengi, na Mama akasema lazima mmoja wetu akae shambani kuwafukuza. Kura iliniangukia mimi. Nilikwenda kukaa juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miti kinachosimama katikati ya mpunga, na makopo yangu ya kugonga. Seifu alipita chini yangu asubuhi, mshipi kautia mfukoni. Hatukusemeshana. Aliniinulia nyusi tu akapotelea mikokoni. Nilimwonea wivu. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba nilimwonea wivu.

Adhuhuri Mama alikuja na mihogo. "Kaka yako kaenda wapi?" Nikasema sijui. Hakuniuliza tena, maana hata Mama alizijua desturi.

Yapata saa nane alikuja Baba Mkubwa. Alikuwa ameona maji yanarudi kwa kasi ya bamvua na Seifu hajaonekana kijijini. Alisimama chini ya dungu, akaniangalia juu. Mtu yule hakuwahi kumwuliza mvuvi swali hilo maisha yake yote, na niliona midomo yake inavyolikataa.

"Mwanangu. Seifu yuko wapi?"

Nikagonga kopo langu, kama nafukuza ndege.

"Sikuulizi ili niende kuvua. Niambie."

Nilifikiri. Nataka mjue kwamba nilifikiri, sikukurupuka. Niliona wanaume wazima wakifika kwenye jiwe letu, Seifu yuko pale na utungo wa samaki kambani, akiniangalia mimi jinsi nilivyomsaliti. Sikufikiri juu ya maji. Nikanyoosha mkono kuelekea mlangoni mwa mto.

Aliondoka mbio. Alichukua watu wawili na mtumbwi, wakapiga kasia kwenda huko nilikoonesha, na huko ni kinyume kabisa.

Walirudi alasiri, wamelowa, bila kitu. Nilikuwa nimeshuka kutoka dunguni, nimesimama penye mitumbwi, na sasa nilikuwa naogopa. Nilimvuta Baba Mkubwa shati. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata mimi nilikuwa siisikii vizuri, "Yuko kwenye mawe. Mwisho wa mchanga, upande wa kusini. Ukivuka mkondo."

Alinitazama. Sikumbuki hasira kwenye uso wake. Nakumbuka aliinama mpaka tukalingana.

"Mlangoni ulisema wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi hukusema. Umesikia? Mimi nilikwenda mlangoni kwa akili yangu. Usimwambie mtu. Hata mama yako."

Kisha akakimbilia mikokoni na wale wawili nyuma yake. Walipofika pwani palikuwa na bahari tu, imejaa mpaka kwenye miti.

Walimpata kesho yake maji yalipopwa. Alikuwa ameshikwa na mizizi ya mikoko, si mbali na pale. Wanaume waliokwenda walieleza walichokiona, nami nilisikia kupitia ukuta wa makuti. Kifundo cha mguu kilikuwa na tundu la mwiba wa taa. Juu yake alikuwa amejifunga kwa kipande cha shati lake, kwa fundo zuri, la mtu aliyetulia. Juu ya jiwe, kwenye ufa, walikuta mshipi umekunjwa vizuri na utungo wa samaki umefungwa. Kwa hiyo walielewa. Alipigwa mwiba alipokuwa akivuka kurudi, mguu ukakataa, akarudi kwa kutambaa mpaka kwenye jiwe lililokuwa karibu, akajifunga, akakunja mshipi, akaketi. Aliketi akingoja. Alikuwa na saa nzima, labda mbili. Wavuvi walisema hivyo, si mimi.

Mimi naongeza moja tu ambalo wao hawakulijua. Alikuwa akijua kwamba yuko mtu mmoja anayejua alipo.

Siku ya tatu ya matanga, wanawake wamejaa ndani na wanaume barazani, Mama alitoka hajajitanda vizuri, akasimama mbele ya Baba Mkubwa.

"Shemeji, maji haya unayavua tangu hujaota ndevu. Mlangoni ulikwenda kufanya nini?"

Wanaume wote barazani waligeuka kumtazama.

"Nilikosea, shemeji."

"Ulikosea! Mtoto wa mdogo wako anakufa, wewe unakosea njia?"

"Nilikosea," akarudia, macho chini.

Mimi nilikuwa kwenye mlango wa nyumba, nimeshika mwimo. Palikuwa na hatua nne kati yangu na wao. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na yalikuwa tayari mdomoni. Hayakutoka. Bibi mmoja aliniona nimeung'ang'ania mwimo akanivuta ndani, akasema, "Masikini, mtoto wa watu ana uchungu wa kaka yake."

Baada ya arobaini Mama alinichukua tukahamia Kibiti kwa mdogo wake, na hajarudi kule mpaka leo. Kila msimu wa mavuno Baba Mkubwa hutuletea mpunga na samaki wakavu kwa mkono wa mtu yeyote anayekuja huku. Kila msimu Mama hufungua kiroba, anatazama, anawagawia majirani. Hata punje haingii chunguni mwetu. Watu humsifu kwa ukarimu.

Ila desturi ile ya kijijini haikubadilika. Nilidhani baada ya Seifu watu wangeanza kuambiana waendako. Walilia, wakasoma hitima, na wiki iliyofuata mtu akipita na mshipi watu waligeuza nyuso pembeni kama zamani.

Vijana wa siku hizi ndio wamekuja na mengine. Hapa nyumbani kuna mtoto wa mama mdogo, Rama, ana simu na fimbo ya kuvulia yenye gurudumu, inang'aa kama ya harusi. Siku za mapumziko hupanda pikipiki na wenzake wakaenda pwani. Kabla ndoana haijalowa keshatuma picha. "Oya wanangu, tupo huku, cheki lokesheni, njooni!" Akipata samaki, samaki mwenyewe ni mdogo kuliko simu, lakini atapigwa picha ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, akiwa mkononi, akiwa mdomoni mwa Rama. Watu sitini wanajua alipo kabla ya samaki kukata roho. Chambo hajui. Bamvua hajui. Kutazama maji ndiyo kabisa, atayatazama saa ngapi na macho yamo kwenye kioo cha simu? Wazee wanamcheka, na mimi nacheka nao.

Ila kicheko changu hakifiki mbali. Enzi zetu tulijua kusoma pwani kama msahafu, tulijua kila uchochoro wa samaki, na tulijua kunyamaza. Hawa hawajui lolote, na wanarudi nyumbani wote. Kila Rama anapotuma huko aliko, mimi nafungua simu ya mama mdogo naangalia, hata kama hakuna aliyeniomba. Sijawahi kumwambia kwa nini.

Kwa hiyo nami natuma. Jiwe liko hivi: ukitoka kijijini kwetu ukakatiza mikoko mpaka pwani ya nje, shika kulia, mchanga uwe chini yako na bahari kushoto, tembea mpaka mchanga uishe. Maji yakiwa yamepwa utaliona. Buruta miguu kwenye mkondo. Ondoka maji yanapogusa chaza wa chini. Na mwambie mtu kabla ya kwenda. Kama samaki watahama kwa sababu nimewataja, na wahame.

Mwezi uliopita zilikuja salamu kwamba Baba Mkubwa yuko kitandani na haamki. Anamwomba Mama aende wakaombane radhi kabla hajaondoka duniani. Mama alisikiliza salamu huku akichagua mchele. Akasema, "Radhi aniombe mimi? Akamwombe Seifu." Akaendelea kuchagua.

Mzee yule amebeba mzigo wangu miaka yote hii bila kuutua. Anakufa nao, na mimi niko hapa, mtu mzima, bado nimeshika mwimo wa mlango. Kusema siwezi. Nimejaribu mara tatu mwezi huu, kila mara ninakohoa, Mama ananipa maji. Ndipo nikapata fikra ya kuandika. Maneno ya kwenye karatasi hayatetemeki. Mama hajui kusoma, lakini anapenda kusomewa. Jioni akimaliza kuswali alasiri huketi kwenye mkeka, na nikiwa na karatasi yoyote huniambia, "Haya, soma tusikie."

Nimepanga hivi. Kabla ya kutia karatasi hizi kwenye bahasha nitamsomea yeye kwanza, kuanzia pale nilipoomba radhi kwa mwandiko mpaka hapa. Sitaruka kitu. Nikishindwa, nitazichoma jikoni, na hakuna kati yenu atakayejua kwamba niliandika. Ninyi mnaosoma sasa hivi, basi, mjue kwamba Mama amekwisha kusikia. Niandikieni, hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Yeyote aliyewahi kumwambia mama yake jambo kama hili aniambie ilikuwaje siku ya pili yake, maana hiyo siku mimi bado sijaifikia.